Mwaka Tuliotafuta Chumba cha Mabondo

Mwezi uliopita nilipanda ngazi za ofisi ya Kulwa, katikati ya jiji la Mwanza, baada ya miaka mingi ya kutumiana salamu za sikukuu tu. Mwenyewe alikuwa bado yuko gereji. Nikakaribishwa kiti karibu na ubao mweupe, ambapo wasichana wawili wanaomfanyia kazi walikuwa wanabishana, wakijitahidi kushusha sauti kwa heshima ya mgeni: kazi ya mteja wao waiweke kwenye seva ya kampuni gani. Walikuwa wamechora jedwali. Kampuni nne za bei nafuu upande huu, maswali upande ule: bei, kasi, nafasi, inazimika mara ngapi, nani anapokea simu. Mmoja akasema, "Hii ya rahisi kuliko zote mimi siiamini." Mwenzake akamjibu, "Huiamini kwa sababu ni rahisi, au una ushahidi?" Nikacheka peke yangu mpaka wakanigeukia. "Shikamoo mama. Tumekosea?" Nikawaambia marahaba, hamjakosea, endeleeni. Jedwali lile, karibu mstari kwa mstari, niliwahi kulichora kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya ukutani, kabla wao hawajazaliwa, na hapo kwenye kiti nilisikia tena ule moto wa kifuani niliokuwa nao mwaka ule, wa kuamka kila asubuhi nikiwa na swali jipya na hamu ya kukimbia nalo kazini.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri watu kama mimi na ilikuwa inawapunguza hata iliokwisha kuwaajiri. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na kila uliyekutana naye mjini alikuwa na biashara au wazo la biashara. Mimi nilikuwa na shahada ya takwimu na tabia ya kuuliza maswali ambayo hayakuniongezea marafiki. Mwalimu Magesa, aliyewahi kufundisha hesabu Butimba kabla ya kustaafu, alinichukua kwenye ofisi yake ya kuchapa barua, Mabatini, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya tatu alikwisha kunibatiza Bi Kwanini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu. Kompyuta ilikuwa moja, tunaifunika kitambaa cha kudarizi jioni, na pembeni yake faksi na modemu iliyonunuliwa kuukuu. Ili kuingia kwenye mtandao tulipiga simu ya masafa hadi Dar es Salaam, na shida ilikuwa duka la chini. Waliuza mabati. Kila mteja alipokuja kuchukua yake, yalitupwa moja moja juu ya mkokoteni, na huwezi kusikia kama modemu imeitika au imegoma. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu Kulwa alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Jamani, dakika tano!" Wapakiaji walimjibu kwa matusi ya kirafiki, kisha wakakaa juu ya mabati yao kuvuta sigara. Kulwa alikuwa fundi redio aliyejifunza kompyuta kwa kuifungua na kuifunga. Yeye ni Msukuma wa Magu, mimi nimekulia Ukerewe. Aliniita Msomi, na haikuwa sifa. Mimi nilimcheka anavyosema "habali za asubuhi" na "nipe karamu hiyo niandike". Niliamini kabisa kwamba miaka mitatu ya Dar es Salaam ilikuwa imeniosha ulimi.

Saa saba tulikula pamoja juu ya meza ya kuchapia, karatasi zimesogezwa pembeni. Siku nyingi ilikuwa ugali wa muhogo na sato wa mchuzi kutoka kwa mama lishe wa nyuma ya duka; siku ambazo wateja hawakuja tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, na chai. Ni katika chakula cha namna hiyo ndipo Mama Bhoke alipotukuta. Aliingia bila kubisha, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichofungwa kwa nguvu, akatoa kitu kwenye gazeti na kukiweka katikati ya sahani zetu.

"Mnalijua hili?"

"Bondo," alisema Kulwa, akivuta mchuzi wake mbali kidogo.

Bondo ni kile kibofu cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Viwanda vya samaki vinachukua minofu. Wanawake wa Kirumba wakati ule walikuwa wananunua mabondo, wanayaosha, wanayavua utando na kuyaanika mpaka yakawa ya manjano na kupitisha mwanga. Mama Bhoke na wenzake kumi na mmoja walifanya kazi hiyo. Alilinyanyua lile bondo dirishani ili tulione. "Dalali akija anasema haya ni namba mbili. Mwaka wa nne huu, wanangu, sijawahi kuwa na namba moja. Nikimwuliza namba moja ikoje, ananiambia siku nitakayoiona nitaijua." Kwenye katoni moja ya dalali alikuwa amenakili anwani ya kampuni ya Uingereza, akawaandikia kwa msaada wa mchungaji wake, na sasa walikuwa wamemjibu. Alinipa barua nimsomee. Walikuwa wanatafuta wauzaji wapya kuzunguka ziwa zima. Kila kikundi kiweke picha na maelezo yake kwenye mtandao; Ijumaa ya mwisho wa mwezi wangekaa kuzitazama kurasa zote, na watakaopendeza wangeombwa sampuli. Ambaye ukurasa wake hautaonekana siku hiyo, asihangaike kuandika tena.

Nilisoma mpaka mwisho, pamoja na sentensi iliyoeleza matumizi: mabondo yanasagwa na kutumiwa kuing'arisha bia. Mama Bhoke alikuwa mlokole wa kweli. Kulwa aliinama juu ya sahani yake ili asionekane uso.

"Kwa hiyo bondo langu linaingia kwenye pombe?"

"Linaingia, mama," nilisema, "linakamata uchafu, linazama nao chini. Linabaki kule chini."

Alifikiri. "Basi halinywi. Linafanya usafi tu." Akavuta kiti, akajikatia ugali.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta chumba. Neno tovuti hatukuwa nalo, wala la kupangisha seva. Kulwa ndiye aliyemweleza Mama Bhoke kwamba ukurasa wake utakuwa ndani ya kompyuta kubwa ya mtu mwingine, isiyozimwa, na kwamba tunamlipa huyo mtu ili auweke. "Kumbe ni kupanga chumba," alisema Mama Bhoke, na kuanzia hapo ofisini hatukusema vinginevyo. Mwenye kompyuta alikuwa mwenye nyumba, kurasa za watu wengine zilikuwa wapangaji wenzetu, na mimi nilipewa kazi ya kutafuta nyumba ya bei tunayoiweza. Nilichukua kalenda ukutani, nikaigeuza, nikapiga mistari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bure kabisa, Marekani. Nikauliza: anapata nini huyu anayenipangisha bure? Jibu lilikuja lenyewe. Juu ya kila ukurasa aliweka matangazo yake, na tulipofungua wa majaribio, juu ya picha ya mabondo walitokea wasichana wawili wamevaa nguo za kuogelea, kama hizo ni nguo. "Hao ni wa nani?" aliuliza Mama Bhoke. Kulwa akamwambia ni wapangaji wenzake. "Wahamishwe," alisema. Nyumba ya pili ilikuwa Dar es Salaam, na Mwalimu aliipenda. Bei yake ya mwezi ilitosha kulipia mwaka mzima ng'ambo, lakini kulikuwa na mtu wa kumpigia simu. "Nataka mwenye nyumba ambaye nikimpigia ananiamkia shikamoo," alisema Mwalimu. "Kitu kikiharibika nimkoromee kwa Kiswahili, anielewe." Ya tatu ilikuwa ng'ambo, kampuni ndogo ya bei rahisi, hakuna simu, ni kuandikiana tu. Niliwaandikia kuuliza wameweka kurasa ngapi kwenye mashine moja. Baada ya siku mbili walijibu kwamba wana wateja wengi wenye furaha. Nikawaandikia tena kwamba nimeuliza idadi, sikuuliza furaha. Hilo hawakulijibu.

Sikutaka kuamua kwa kupenda. Nilikuwa na rafiki wa chuoni, Edna, mtoto wa Moshi, aliyekuwa anasomea shahada ya pili huko huko Uingereza. Nikamwomba akae mbele ya kompyuta ya chuo chake akiwa na saa ya mkononi, afungue ukurasa mmoja ulioko katika kila nyumba, asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima, aniandikie sekunde. Edna alinijua, hakubisha. Majibu yake nilimsomea Mwalimu kwa sauti. Za ng'ambo zote mbili zilifunguka kabla hajakaa vizuri. Ya Dar es Salaam aliifungua, akaenda kutengeneza chai, akarudi, na mtu aliyekuwa kwenye picha alikuwa ameonekana hadi kiunoni tu. Njia za mtandao za kutoka nchini wakati ule zilikuwa nyembamba na wengi tulikuwa tunagombea humo humo. Kampuni haikuwa na kosa. Nilisimama katikati ya chumba, nimejaa furaha, maana nilikuwa nimeona jambo ambalo hakuna aliyeniambia. "Mwalimu, sisi tunapima nyumba kwa namna tunavyoiona sisi. Nani anautazama ukurasa? Sisi tunao kwenye disketi! Mgeni yuko Uingereza. Chumba kiwe karibu na mgeni."

"Na siku mwenye nyumba wako wa rahisi akifunga mlango, akatoroka?"

"Tunahamia kwingine na disketi zetu."

Kulwa alitengeneza nakala tatu. Moja ilikaa kwenye droo ya Mwalimu, moja kwake, ya tatu Mama Bhoke aliifunga kwenye nailoni mbili na kuiweka ndani ya sanduku lake la nguo. Mwalimu alikuna kidevu, akatazama kalenda, akasema Bi Kwanini ameshinda. Leo nikifikiria, bado naona hoja yangu ilikuwa sahihi. Ila jedwali lilikosa safu moja.

Kikundi kilijiita Bondo Bora, na anwani yake kwenye mtandao ingekuwa maneno hayo hayo mawili yaliyounganishwa. Edna angelipia kwa kadi yake, sisi tungempelekea dada yake wa Moshi fedha. Siku ya kuandikisha, barua za mtandao ziligoma kutoka, kwa hiyo nilimpigia simu. Chini walikuwa wanapakia. Nilimtajia jina, nikamtajia herufi moja moja, yeye akauliza tena, nikarudia kwa kukaza. Mwisho nilimpa Kulwa chombo asalimie, na nikamsikia anasema, "Ndiyo, dada, Bondo Bola, hiyo hiyo." Jioni Edna aliandika kwa ufupi tu: imekubali. Jumatatu Mama Bhoke alituma faksi Uingereza yenye anwani yetu, na sisi tukapandisha ukurasa kwa ile anwani ya muda ya tarakimu tupu tuliyopewa na mwenye nyumba, tukisubiri jina lisambae.

Jumatano tulipiga simu, tukaandika jina, mashine ikajibu hakuna kitu kama hicho. Nikasema tusubiri. Alhamisi asubuhi, hakuna. Niliwaandikia wenye nyumba, nikijua watajibu baada ya siku mbili. Ijumaa ilikuwa kesho yake. Hapo ndipo Kulwa alipogusa shavu na kusema polepole, "Hebu nijaribu kitu." Akaandika bondobola. Picha ya mabondo ikaanza kushuka kwenye kioo, ya manjano, safi, bila msichana hata mmoja.

Nilimgeukia kama nyuki. Nilimwambia yote niliyokuwa nayaweka kwa utani tangu nimfahamu: kwamba ulimi wake ni aibu, kwamba alipewa simu asalimie, hakupewa kutaja jina, kwamba wanawake kumi na wawili watarudi kwa dalali kwa sababu mtu mzima hajui tofauti ya herufi mbili. Mwalimu alisema, "Inatosha, binti." Kulwa aligeukia mashine. Alipiga simu ya masafa, akazivuta barua zetu, ya Edna ikiwemo, akaniachia kiti. Nilikuwa nimemwandikia Edna jana yake kuuliza kilichotokea. Alijibu hivi: "Ulisema ele. Nikakuuliza, ele au ere? Ukasema ele, tena kwa mkazo. Nikafikiri ni jina la Kikerewe. Kulwa alirudia tu nilichomsomea."

Mtu wa takwimu haamini barua moja. Nilisema Edna alisikia vibaya, ni mabati. Mwalimu akachukua karatasi, akageukia ukuta. "Nitajie," alisema. "Ere na ele, changanya unavyotaka, orodhesha pembeni yako. Mimi nitaandika ninachosikia." Nikaandika orodha yangu, nikaitaja kwa utulivu, kwa Kiswahili changu cha chuo kikuu. Alipomaliza tulilinganisha. Kwake kulikuwa na ele kuanzia juu mpaka chini, na ere moja tu, ambayo kwangu ilikuwa ele. Hiyo ndiyo safu iliyokosekana kwenye jedwali: ulimi wangu. Kulwa alinirudishia karatasi.

"Msomi," alisema.

"Nisamehe, Kulwa."

"Nitalifikilia."

Mama Bhoke alifika saa nne, akatukuta wote watatu mbele ya mashine. Nilimweleza mwenyewe, nikiwa nimesimama. Jina sahihi lingehitaji kulipiwa upya na kusubiri siku za kusambaa. Wenye nyumba hawana simu. Ile ya bure ingekubali hata dakika ile, pamoja na wasichana wake. Nikamwambia kosa ni langu. Alisikiliza, kisha akaniuliza jambo ambalo mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuwa nimeliuliza.

"Ukurasa wenyewe upo?"

"Upo, mama, ila kwenye jina lililokosewa."

"Nani kasema limekosewa? Kule sokoni Mwaloni utamkuta nani anasema unavyotaka wewe? Sisi wote tunasema bola. Muhuri wa kikundi bado sijachonga." Akavuta kiti hadi kwenye mashine ya kuchapa. "Waandikie. Sema jina letu ni Bondo Bola, ile faksi ya kwanza iliandikwa na mtu wa shule." Kulwa alicheka mpaka akashika meza. Faksi ilitoka saa tano, na mchana ule ule Mama Bhoke akaenda kwa mchonga mihuri.

Ijumaa hakuna aliyechapa barua ya mtu. Mama Bhoke alikuja na chupa ya chai na mihogo ya kukaanga, akaketi na mkoba mapajani kama aliye kituo cha afya. Chini kabisa ya ukurasa Kulwa alikuwa ameweka kihesabio, tarakimu ndogo inayoongezeka kila ukurasa unapofunguliwa, lakini si kwa mashine yetu. Ya kwetu alikuwa ameitoa kwenye hesabu. Tarakimu ilikuwa mbili, na wote wawili walikuwa Edna. Kila saa moja Kulwa alitoa kichwa dirishani, wapakiaji wakakaa, tukapiga simu. Saa nne, mbili. Saa tano, mbili. Saa sita simu haikushika. Saa nane mchana ukurasa ulishuka, mabondo, majina ya wanawake kumi na wawili, maelezo, na chini yake ilikuwa tatu.

"Ni Edna huyo," nilisema.

"Kwa nini awe Edna?" alisema Mwalimu, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Kwa sababu huwezi kujua kama siye," nilisema.

"Fungua tena," alisema Mama Bhoke.

Kulwa akafungua tena. Nne. Tukatazamana. Akafungua tena, ikawa saba. "Wanaitana," alisema Mwalimu kwa kunong'ona, kana kwamba watu wa Uingereza wangemsikia, "mmoja kaona, kaita wenzake," na mimi, ambaye ningeweza kueleza njia tano nyingine ambazo nambari ile ingeweza kupanda, nilikuwa nimemshika Mama Bhoke bega na ninaruka. Kulwa alikata simu ili faksi iweze kuita. Tuliitazama. Mama Bhoke alifumba macho akawa anaomba kwa Kikuria, mihogo ikapoa.

Iliita saa tisa na nusu. Karatasi ya faksi hutoka polepole, kichwa kwanza, na tulisoma kila mstari kabla wa pili haujazaliwa: wanawasalimu Bondo Bola, wameona picha, wanaomba mfuko mmoja wa sampuli, makavu kabisa, upakiwe kwenye ndege ya wiki ijayo. Nilimsomea Mama Bhoke kwa Kiswahili, nikarudia. Mwalimu alikuwa amempa Kulwa mkono na hamwachii. Mimi nilitegemea vigelegele. Mama Bhoke aliinuka, akaenda dirishani, akatazama upande wa ziwa, ambako wingu jeusi lilikuwa limeshuka mpaka juu ya maji na upepo umeanza kupeperusha vumbi la barabarani.

"Mabondo yote yako nje," alisema.

Sikumbuki nani alifunga ofisi, kama ilifungwa. Tulibanana wanne kwenye teksi moja hadi Kirumba, na tone la kwanza lilipogonga kioo tulikuwa tumefika kwenye chanja, safu kwa safu za mabondo ya manjano yanatikisika kwa upepo, na wanawake wanakimbia wakishika madishi na vitenge. Mama Bhoke aliwapigia kelele bila kusimama, "Wamejibu! Anueni! Wamejibu!" Nikanyoosha khanga niliyopewa na nani sijui, Kulwa akawa anaanua kwa mikono miwili na kunitupia, yakigongana kama karatasi ngumu, na kila nilipotaka kumwambia kitu alinijibu, "Baadaye, Msomi, shika!" Mvua ilitukuta kwenye safu ya mwisho, ambapo Mwalimu Magesa, suruali ya tetroni imekunjwa magotini, miwani imejaa maji, alikuwa anakimbilia banda amekumbatia mabondo mengi kiasi kwamba hakuona mbele, na wanawake wote wa Kirumba walikuwa wanampigia makofi.